Jinsia na Mawasiliano ya Uongozi Vyuoni Wakati wa Dharura: Mafunzo kutoka Pwani ya Mtwara

Chuo kinapopatwa na dharura, iwe ugonjwa wa mlipuko, kimbunga, moto wa bweni au mgomo, wanafunzi hutafuta habari kabla ya jambo lingine lolote. Hutaka kujua nini kimetokea, nani yuko salama, wao wafanye nini, na nani atawajibu wakiwa na swali. Uongozi ukikawia kujibu maswali hayo manne, wengine hujibu kwa niaba yake: makundi ya WhatsApp, madereva wa bodaboda, wauza duka walio karibu na lango la chuo, na ndugu wanaopiga simu kutoka mbali. Majibu hayo yakishaenea, si rahisi kuyarudisha.

Makala haya yanaeleza namna jinsia inavyoingia katika mawasiliano hayo. Mara nyingi mjadala huu huishia kwenye swali moja, yaani kama viongozi wanawake huwasiliana vizuri kuliko wanaume. Swali hilo lina nafasi yake, lakini ni finyu. Yapo matatu mengine yanayogusa zaidi uhai na usalama wa wanafunzi: nani yuko mezani uamuzi unapofanywa, nani anapewa kutangaza uamuzi huo, na nani anaweza kuusikia na kuuliza. Katika kila moja, jinsia hupindisha mambo kwa namna isiyoonekana haraka. Mtwara na pwani ya mlango wa mto Ruvuma, kwa sababu ya dharura ilizozipitia na kwa sababu ya mila zake, ni mahali panapofaa kuyatazama yote matatu.

Misingi ya kuzungumza wakati wa dharura

Wataalamu wa afya ya jamii wana kanuni chache zilizokubalika kwa upana. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kimezikusanya katika misingi sita: kuwa wa kwanza kusema, kusema lililo sahihi, kuaminika, kuonyesha kujali, kuwapa watu jambo la kufanya, na kuwaheshimu. Misingi hiyo inategemeana. Taarifa ya haraka isiyo sahihi huvunja imani. Taarifa sahihi inayotoka baada ya siku tatu hukuta watu wamekwisha kuamua. Na agizo lisiloonyesha kujali hutekelezwa kwa shingo upande.

Watanzania wameona mfano mzuri wa misingi hiyo ikitumika. Tarehe 16 Machi 2023, Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Profesa Tumaini Nagu, ambaye alitokea katika ualimu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, aliutangazia umma kwamba kulikuwa na ugonjwa usiojulikana mkoani Kagera. Alisema watu 7 walikuwa wameonyesha dalili na 5 kati yao walikuwa wamefariki dunia. Jina la ugonjwa halikuwa limejulikana, naye alisema hivyo. Alieleza kwamba wataalamu wamepelekwa, sampuli zimechukuliwa, na wananchi wajikinge vipi. Siku tano baadaye, tarehe 21 Machi, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza kwamba ni ugonjwa wa Marburg. Mlipuko huo ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023, ukiwa umechukua uhai wa watu 6.

Jambo la kuzingatia hapa ni ujasiri wa kusema kwamba jibu bado halijapatikana. Viongozi wengi hunyamaza mpaka wawe na hakika, wakidhani kwamba kukiri kutojua kutawashusha hadhi. Kumbe msikilizaji humwamini zaidi anayetenganisha waziwazi kinachojulikana, kisichojulikana na kinachofanyiwa kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na usemi huo unazihusu taasisi kama unavyowahusu wagonjwa.

Pwani yenye dharura zake

Mtwara ina vyuo vya aina nyingi. Kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichofunguliwa mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Vipo vyuo vya ualimu, vya uhasibu na vya kada za afya. Na wanafunzi wa afya hupata mafunzo ya vitendo katika hospitali za mkoa, ikiwemo ya Ligula. Mji uko zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na kwa njia ya nchi kavu hutegemea sana barabara kuu moja inayopita Kilwa na Lindi. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika eneo la Kilwa. Mwanafunzi aliye Mtwara siku kama hizo hawezi kuondoka kwa urahisi, na mzazi aliye Morogoro au Dodoma hawezi kumfuata. Kinachobaki kati yao ni simu na neno la uongozi wa chuo.

Kusini mwa mji huo uko mpaka. Tarehe 14 Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na kundi la wapiganaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, ambako uasi wa Cabo Delgado ulikuwa umeanza mwaka 2017. Tukio la aina hiyo huzaa hofu inayosafiri kwa kasi kuliko maelezo yoyote rasmi.

Hata hivyo, dharura iliyoacha funzo kubwa zaidi la mawasiliano katika pwani hii ni Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyokuwa ikiongozwa na Dkt. Agnes Kijazi, ilitoa tahadhari kwa mikoa ya Mtwara na Lindi. Serikali ya mkoa ikaagiza shule zifungwe na wakazi wa maeneo ya mabondeni wahamie sehemu salama. Tarehe 25 Aprili kimbunga kilitua upande wa Msumbiji, kaskazini mwa mji wa Pemba, kikaua watu kadhaa na kubomoa maelfu ya nyumba katika jimbo la Cabo Delgado. Mtwara ilinusurika na kishindo kikubwa.

Kunusurika huko kulikuwa neema, lakini kuliacha kazi ngumu ya maelezo. Vimbunga si vya kawaida katika pwani hii. Kile cha tarehe 15 Aprili 1952, kilichoipiga pwani ya kusini ya Tanganyika, kimebaki katika kumbukumbu za wachache. Kwa mtu aliyehamisha watoto na magodoro kisha akaona jua likichomoza kama kawaida, ni rahisi kusema kwamba wataalamu walidanganya. Ukweli ni kwamba njia ya kimbunga hukadiriwa, na tofauti ya kilomita mia moja au mbili baharini ndiyo inayoamua ni nyumba za nani zitakazoezuliwa. Tahadhari njema hueleza uwezekano huo mapema, na baada ya hatari kupita kiongozi hurudi kwa watu kueleza kilichotokea na kuwashukuru kwa kuitikia. Asiporudi, tahadhari inayofuata hupuuzwa.

Sura ya jinsia katika tukio hilo iko kwenye njia za ujumbe. Katika vijiji vya pwani kama Msimbati, Naumbu na Msangamkuu, wanaume wengi huvua kwa vyombo, nao hupata habari za bahari dikoni, kwenye redio na kwa wenzao. Wanawake wengi huenda kwa miguu kwenye miamba wakati wa maji kupwa kutafuta pweza na chaza. Hao huwa karibu na bahari kama wavuvi, lakini tangazo linalosomwa kwenye diko la samaki au kupitia uongozi wa wavuvi huweza kuwapita. Mtoa tangazo hakukusudia kuwabagua. Ameitumia tu njia aliyoizoea, na njia hiyo imejengwa na mgawanyo wa kazi wa wanaume na wanawake. Vyuo navyo vina madiko yao. Tangazo linalotolewa kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi ambao wengi wao ni wavulana, au linalobandikwa usiku kwenye ubao ulio mbali na bweni la wasichana, hufuata njia hiyohiyo ya mazoea.

Sauti ya mwanamke na mtego wa pande mbili

Swali la pili linahusu anayetangaza. Mwaka 2002 wanasaikolojia Alice Eagly na Steven Karau walieleza jambo ambalo wanawake wengi viongozi wanalijua bila kusoma kitabu. Jamii humtarajia kiongozi awe imara, mwenye amri na asiyetetereka. Wakati huohuo humtarajia mwanamke awe mpole na mwenye huruma. Mwanamke anayeongoza hujikuta katika mtego wa pande mbili. Akisema kwa ukali, huitwa mkali kupita kiasi. Akisema kwa upole, husemwa kwamba hana uwezo wa kushika usukani. Mwanamume anayetoa agizo lilelile kwa sauti ileile huonekana anafanya kazi yake.

Wakati wa dharura mtego huo hukaza, kwa kuwa watu wenye hofu hutaka kwa pamoja mambo mawili: amri iliyo wazi na moyo unaojali. Katika hili kuna fursa pia. Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kampeni ya chanjo ya UVIKO-19 kwa kuchanjwa hadharani, alijitaja kuwa mama, bibi na mke, kisha akajitaja kuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu. Aliziweka nafasi hizo pamoja bila kuiacha hata moja. Ujumbe ulikuwa kwamba mtu mwenye familia inayomtegemea na nchi inayomtegemea asingejiweka katika hatari anayoijua. Upole na mamlaka vilitumika kwa pamoja, na kitendo cha kuchanjwa kikayathibitisha maneno. Kabla ya hapo, mwezi Aprili mwaka huo, alikuwa ameunda kamati ya wataalamu ya kumshauri kuhusu ugonjwa huo, hivyo maneno yake yalikuwa na msingi wa kitaalamu nyuma yake.

Jambo jingine linalopaswa kujulikana ni lile ambalo Michelle Ryan na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter waliliita, mwaka 2005, ukingo wa kioo. Walipochunguza kampuni kubwa zilizo kwenye soko la hisa la London, waliona kwamba wanawake walielekea kuingizwa katika bodi wakati kampuni zikiwa tayari zinayumba. Maana yake ni kwamba mwanamke huweza kukabidhiwa usukani dhoruba ikiwa imeanza, kisha chombo kikizama lawama ikamwangukia yeye. Chuo kinachomteua mkuu wa idara mwanamke katikati ya mgomo, au kinachomkabidhi Mshauri wa Wanafunzi mwanamke kazi ya kutangaza uamuzi ambao hakushirikishwa kuufanya, kinajenga ukingo huohuo kwa kiwango kidogo.

Je, viongozi wanawake walifanya vizuri zaidi wakati wa UVIKO-19? Supriya Garikipati na Uma Kambhampati, watafiti wa Uingereza, walilinganisha nchi 194, ambapo 19 ziliongozwa na wanawake, wakaona kwamba katika miezi ya mwanzo ya janga nchi hizo 19 zilikuwa na matokeo mazuri kiasi kuliko nchi zinazofanana nazo. Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa hadhari. Nchi 19 ni chache, na huenda nchi zinazochagua wanawake zina sifa nyingine zinazosaidia, kama vile imani ya wananchi kwa serikali na mifumo imara ya afya. Kumsifu mwanamke kwamba kwa maumbile yake huwasiliana vizuri ni kumjengea mtego mwingine, kwani siku atakapokosea, kosa lake litahesabiwa kuwa la wanawake wote.

Imani hujengwa kabla ya siku ya dharura. Profesa Esther Mwaikambo, miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini kuwa madaktari, alikuwa mwanzilishi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania mwaka 1987, na baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Chama hicho kilifahamika kwa wananchi kwa kampeni za uchunguzi wa saratani ya matiti. Sauti inayofahamika hivyo, kwa kazi iliyoonekana, haihitaji kujieleza upya janga linapofika.

Mwanafunzi wa kike anasikia nini?

Mwaka 2020 vyuo vyote nchini vilipitia jaribio moja. Tarehe 16 Machi ilitangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na siku iliyofuata agizo likavihusu vyuo na vyuo vikuu. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika kipindi hicho maelfu ya wanafunzi walikuwa nyumbani, wakitegemea simu kujua hatima ya masomo yao.

Agizo la kufunga chuo ni moja, ila haliwafikii wote kwa uzito mmoja. Ichukuliwe mifano ya kufikirika ya wanafunzi watatu wa chuo kimoja cha Mtwara. Wa kwanza ni mvulana kutoka Newala. Anaporudi nyumbani anapewa muda wa kusoma na simu yenye salio. Wa pili ni msichana kutoka kijiji cha Tandahimba; anaporudi anapokelewa na kazi za nyumba na kulea wadogo zake, na simu ya familia iko mikononi mwa kaka yake. Wa tatu ni msichana mjamzito aliyepanga chumba mjini. Alikuwa akihudhuria kliniki karibu na chuo, na nyumbani hawajui hali yake. Tangazo linalosema tu kwamba wanafunzi wote waondoke ifikapo saa kumi jioni linamtosha wa kwanza. Wa pili anahitaji kujua kwamba kuna njia ya kupata masomo bila intaneti ya kila siku. Wa tatu anahitaji jina la mtu anayeweza kumpigia simu kwa siri, na ruhusa ya kubaki.

Uongozi wenye wanaume peke yao mezani unaweza kuwa na nia njema na bado usiyaone mahitaji ya wa pili na wa tatu. Hapo ndipo swali la nani yuko mezani linapopata uzito. Katika taasisi nyingi, kamati ya dharura hugawana kazi kwa mazoea: fedha, ulinzi na msemaji hupewa wanaume, mabweni, chakula na ustawi hupewa wanawake. Mgawanyo huo huwaweka wanawake karibu na habari muhimu kuliko zote, yaani hali halisi ya wanafunzi, huku ukiwaweka mbali na mahali uamuzi unapofanyika. Matroni wa bweni anajua kwamba wasichana kumi hawana nauli. Akiwa hana nafasi ya kulisema hilo kabla ya tangazo kutoka, ujuzi wake haumsaidii mtu.

Uvumi kuhusu chanjo nao umeonyesha jambo hilohilo. Katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, chanjo zimezushiwa kwamba huharibu uzazi. Nchini Kenya, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa wakidai imetiwa kitu cha kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani na lile la Kuhudumia Watoto yaliyakanusha madai hayo. Uvumi wa UVIKO-19 ulifuata mkondo huohuo. Msichana wa miaka 21 mwenye hofu ya kutozaa hawezi kusimama katika ukumbi wenye watu mia tatu akamuuliza mkuu wa chuo kuhusu hedhi yake. Hunyamaza, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ameridhika. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, husema watu. Penye swali lisilo na mahali pa kuulizwa, uvumi hupata makazi. Ukumbi mkubwa unafaa kwa tangazo. Kwa maswali ya mwili, vinahitajika vikao vidogo na mtu anayeaminika, mwenye ujuzi wa afya, asiyekwenda kuyasema aliyoyasikia.

Ukimya uliogharimu

Historia ya vyuo vikuu nchini ina tukio moja ambalo kila kiongozi wa chuo, popote alipo, anapaswa kulijua, ingawa halikutokea Mtwara. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kundi la siri la wanafunzi wa kiume lililojulikana kwa jina la Punch. Lilibandika ukutani michoro na maandishi ya kudhalilisha, na mara nyingi walengwa walikuwa wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa. Waandishi hawakujulikana, aliyechorwa hakuwa na mahali pa kujibu, na kwa miaka mingi jambo hilo lilichukuliwa kuwa utani wa chuoni. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa amesumbuliwa na kundi hilo, alijitoa uhai. Ndipo Punch ikapigwa marufuku.

Tukio hilo linaonyesha kwamba dharura haianzi siku inapotangazwa. Ilikuwa imeanza zamani, katika mawasiliano yaliyoachwa yaendelee kwa sababu walioumizwa hawakuwa na sauti katika vikao. Katika miaka iliyofuata, wasomi wanawake wa chuo hicho na wenzao waliyafanya masuala ya jinsia kuwa sehemu rasmi ya kazi ya taasisi, na leo madawati ya jinsia yanaanzishwa katika taasisi za elimu ya juu nchini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwa upande wake, imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Ukuta wa Punch umehamia kwenye simu, ambako picha na maneno ya kudhalilisha husambaa kwa dakika. Chuo kikifungwa ghafla, na wanafunzi wakabaki na simu tu, hatari hiyo huongezeka, wala haipungui.

Hazina iliyopo Kusini

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu wa pwani ya Mtwara hawajazoea kumsikiliza mwanamke mwenye mamlaka. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika unyago, kungwi na somo hufundisha, huonya na husuluhisha, na neno lao huheshimiwa. Wanajua namna ya kusema jambo zito bila kumvunjia mtu heshima, namna ya kumtenga msichana kwenye faragha ili aulize, na namna ya kurudi kwake baadaye kuona kama ameelewa. Hizo ni stadi za mawasiliano ya dharura zenye umri mkubwa kuliko chuo chochote.

Hazina hiyo ina mipaka yake pia. Mamlaka ya kungwi yamewekwa katika eneo la wanawake. Mambo ya ardhi, mipaka na ugomvi wa vijiji kwa kawaida yameamuliwa na wanaume. Chuo kinachomtaka kiongozi mwanamke azungumzie mabweni na hedhi tu, huku bajeti na usalama vikitangazwa na wengine, kimeurithi mpaka huo bila kujua. Jambo la busara ni kuchukua stadi na kuuacha mpaka. Mhadhiri mwanamume anaweza kujifunza kusikiliza kwa faragha, na mkuu wa chuo mwanamke anaweza kutangaza habari za ulinzi wa lango.

Hatua kwa chuo

Maandalizi yanayofuata hayahitaji fedha nyingi, lakini yanahitaji kufanywa kabla ya dharura.

Kwanza, kamati ya dharura iundwe mapema, yenye wanawake na wanaume katika kila jukumu, ikiwemo fedha, ulinzi na usemaji. Matroni, muuguzi wa zahanati ya chuo na mwakilishi wa wanafunzi wa kike wawe wajumbe kamili, si waalikwa.

Pili, msemaji awe anayejulikana, na awe ameshiriki katika uamuzi anaoutangaza. Akiwa mwanamke, viongozi wenzake waonekane wakimuunga mkono hadharani, ili uamuzi uhesabiwe kuwa wa taasisi nzima.

Tatu, tangazo la kwanza litoke ndani ya saa chache hata kama halijakamilika. Liseme kinachojulikana, kisichojulikana, cha kufanya sasa, na saa ya tangazo lijalo. Saa hiyo ikifika, neno litolewe hata kama hakuna jipya.

Nne, kila tangazo lipite katika njia zaidi ya moja: ujumbe mfupi wa simu usiohitaji intaneti, ubao wa kila bweni, wenye nyumba zilizopangishwa wanafunzi, redio za mkoani, misikiti na makanisa. Kisha waulizwe wanafunzi wachache wa kike na wa kiume wameelewa nini.

Tano, iwepo namba ya simu inayopokelewa na mtu aliyefunzwa kutunza siri, kwa ajili ya ujauzito, ukatili, dawa za kila siku na msongo wa mawazo. Anayeonyesha dalili za kutaka kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.

Sita, dharura ikipita, uongozi urudi kwa wanafunzi. Ueleze kilichotokea, lililofanyika vizuri na lililokosewa, na upokee maswali. Kimbunga kilichopita pembeni kinastahili maelezo sawa na kilichopiga.

Pwani ya mlango wa Ruvuma itapata masika mengine, na bahari yake italeta tahadhari nyingine. Siku hiyo hakuna atakayekuwa na muda wa kuamua nani aitwe kikaoni. Msichana aliye peke yake katika chumba cha kupanga huko Mtwara atashika simu yake kusubiri neno la chuo, na usalama wake utategemea kama kuna mtu aliyemfikiria wakati mambo yalipokuwa shwari.